Bibi yangu amezikwa shambani kwa mtu

Wateja wa kesi nawajua wakiwa bado upande wa pili wa barabara. Mwenye wakili hushika bahasha ya kaki. Asiye na wakili huja na rambo, na humo ndani mna maisha yake yote: risiti za kodi ya ardhi, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana mvi, picha ya nyumba siku ya kumwaga zege. Mzee huyu alikuja na rambo jeusi lililopigwa mafundo mawili. Akaketi kwenye benchi akasubiri mpaka wanafunzi wa kutoa kopi wakaisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe unaandika notisi."

Nina stesheneri hapa Magomeni, Bagamoyo, mwaka wa 14 sasa. Kompyuta mbili, mashine ya kopi ambayo ikipata joto inameza karatasi, benchi moja, na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi ukutani. Nachapa risala za mahafali, barua za posa (bado zipo, msicheke), barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote nachapa madai. Tangu mwaka 2021, sheria ilipotamka kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili, madai yameongezeka. Zamani mtu akija na shida yake nilikuwa namtuma kwanza atafute wa kumgeuzia Kiingereza, na wengi walikuwa wanaishia hapohapo.

Mimi si wakili. Nimeliandika hilo kwa maka peni kwenye kipande cha boksi nikalibandika juu ya meza, na bado kila siku naulizwa, "Mama, hii nitashinda?"

Mzee akafungua mafundo. Ya kwanza kutoka ilikuwa barua ya toleo, ile ya kumilikishwa kiwanja. Ilikunjwa mara nne miaka mingi iliyopita, mikunjo ikaachana, akaishika kwa selotepu ambayo sasa imegeuka rangi ya asali. Mahali palipoandikwa ukubwa wa kiwanja, mende amekula tarakimu ya mwisho. Sikuthubutu kuipitisha kwenye mashine ya kopi ninavyoijua. Niliilaza kwenye kioo cha skana kwa mikono miwili, kama ninavyomlaza mtoto aliyelala garini.

Nyumba yenyewe haiko Bagamoyo. Iko mkoa mwingine, mji ambao sitautaja, maana mambo bado mabichi. Hapa kwetu amekuja kukaa kwa binti yake baada ya wapangaji kuhama. Vyumba 6, mbele fremu 3 za duka: moja kinyozi, moja fundi cherehani, moja alikuwa akiuza mkaa mwenyewe. Siku moja akatoka msikitini alfajiri akakuta X nyekundu ukutani. Hakuna karatasi, hakuna aliyebisha hodi. Wiki ya pili wakaja mgambo na kijiko. Fremu zikaenda zote 3, ukuta wa mbele ukazifuata, na choo cha nje ambacho hata X hakikuwa nayo. Walipoulizwa wakasema ni barabara. Jirani yake aliyejenga usawa uleule, ukivuta kamba inapita sawasawa, hakuguswa mpaka leo. Mzee anasema ni kwa sababu aliwahi kusimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza pesa ya taka inakwenda wapi. Hilo ni lake. Mimi nachapa ninachoambiwa.

Mtu akisoma hapa ataona kesi imekamilika. Kuna Katiba, ibara ya 24, inayosema kila mtu ana haki ya kumiliki mali na asinyang'anywe bila fidia inayostahili. Kuna ibara ya 13 inayotaka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Na kweli Mzee alishakwenda kushtaki, siyo kwamba alikaa tu.

Alikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kijana mmoja wa mtaani akamwandikia, akalipia, akapewa tarehe. Tarehe ikaahirishwa mara 5. Siku ya 6 mwanasheria wa halmashauri akasimama na pingamizi la awali.

Pingamizi la awali wateja wangu hulitamka kama jina la ugonjwa. "Tumepigwa pingamizi la awali, mama." Maana yake kabla hamjaanza kuzungumza habari za nyumba, upande wa pili unasema nyinyi hapa hamkutakiwa kuingia. Lake lilikuwa na hoja 3. Hakutoa notisi ya siku 90, yaani barua ya kuwajulisha kabla kwamba atawashtaki. Hakumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na halmashauri haishtakiwi huko alikokwenda, inashtakiwa Mahakama Kuu. Zote 3 ni kweli. Sheria ya mashauri dhidi ya serikali ilirekebishwa mwaka 2020, ikazivuta na halmashauri ndani ya masharti hayo; kabla ya hapo kwa halmashauri notisi ilikuwa ya mwezi mmoja. Shauri likaondolewa. Muda wote ule, hakuna aliyewahi kumuuliza fremu zilikuwa ngapi.

Sasa niseme na la upande wa pili, maana nimewachapia na watendaji pia. Notisi si upuuzi. Ofisi ikipewa miezi mitatu inaweza kufungua faili, ikaona kosa lake, ikamwita mtu wakamalizana. Nimeona ikitokea, mara 2 katika miaka 14. Na ukilinganisha na tulikotoka, ni nafuu. Kulikuwa na wakati ambapo ukitaka kuishtaki serikali ulitakiwa kwanza upate kibali cha serikali hiyohiyo, sawa na kumwomba mdeni wako nauli ya kwenda kumdai. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ikasema kifungu hicho kinavunja Katiba. Kibali kikaondoka, notisi ikabaki.

Lakini Mzee ana miaka 74. Kwake siku 90 si muda wa mazungumzo. Ni masika nzima nyumba ikiwa haina ukuta wa mbele.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo ndipo mpwa wangu akaja likizo. Anasoma sheria, mwaka wa tatu, na hajawahi kulipia kopi hata moja kwangu. Akanitupia rundo la karatasi nimbanie, halafu akachomoa moja juu. "Shangazi, hii soma. Ina makaburi."

Alijua atanipata.

Mama mmoja wa Marekani, Rose Mary Knick, ana ekari 90 mahali panaitwa Scott Township, karibu na mji wa Scranton, jimbo la Pennsylvania. Anaishi humo, na eneo lililobaki ni malisho ya farasi na mifugo mingine. Jimbo hilo watu wamezikana mashambani kwao tangu zamani, kama sisi. Desemba 2012 halmashauri ya hapo ikapitisha sheria ndogo: makaburi yote, hata yaliyo kwenye ardhi ya mtu binafsi, yawe wazi kwa umma tangu kuche mpaka jua lizame, na ofisa wa halmashauri aweze kuingia kwenye ardhi ya mtu yeyote kutafuta kama kuna makaburi. Mwaka 2013 ofisa akaingia kwa mama Knick, akakuta mawe ya makaburi kadhaa. Akamwandikia: fungua. Faini ya kukaidi ni kati ya dola 300 na 600 kwa siku. Majirani walisema hapo wamelala wazee wao. Mama akakataa kwamba kuna makaburi.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikajikuta niko upande wa halmashauri.

Niwaeleze kwa nini. Bibi yangu amezikwa upande wa Kaole, kwenye shamba lililokuwa letu, ekari 3 za minazi na mikorosho. Makaburi ya ukoo ni 7. Kaburi la Bibi lina bakuli la bluu lililopachikwa kichwani, kwa mfano wa yale ya magofuni Kaole, ila la Bibi ni bakuli la kawaida la sokoni, lenyewe limepasuka ukingo. Habari za bandari ya Mbegani zilipopamba moto, baada ya 2013, bei ya ardhi huku ikapanda kila mtu akawa dalali. Mwaka uliofuata baba mdogo akaliuza. Mkataba ninao, niliuchapa mwenyewe kwa mikono hii, Mungu anisamehe. Unataja minazi 41, mikorosho 9 na kisima 1. Makaburi hayamo.

Mnunuzi akazungusha ukuta wa matofali, akaweka geti jeusi na mlinzi. Kila Shaaban tunakwenda kufyeka kabla mfungo haujaingia. Tunagonga. Mlinzi anachungulia kwenye kitundu, anapiga simu Dar, sisi tunasubiri juani na mapanga, ndoo na ubani. Miaka mingine tunaingia hata na soda tunapewa. Mwaka jana simu haikupokelewa. Tulikaa saa moja na nusu. Shangazi mkubwa, ambaye magoti yake hayamruhusu kusimama kwa muda, akageuza ndoo akaikalia, akasema basi tusome hapahapa. Tukasoma dua tukiwa nje, nyuso zimeelekea tofali. Juu ya ukuta tuliona makuti ya mnazi mmoja tu, ule wa mwisho wa safu, ambao Bibi alikuwa akiusema vibaya kwa sababu hauzai. Baba mdogo alisimama kando, karibu na pikipiki yake. Hakuna aliyemwambia neno.

Kwa hiyo nilipofika pale kwenye "yawe wazi kwa umma", moyo wangu uliitikia kabla akili haijafika.

Usiku nikawaza tena nikageuka nusu. Sheria ya huko haikusema wenye wafu wao waingie. Ilisema umma. Yeyote, siku yoyote, jua likiwa juu. Na ofisa apite uani kwako kutafuta mawe, na mawe hayo wewe unasema si makaburi yeye anasema ni makaburi, na siku zinahesabiwa kwa dola. Sisi hatujawahi kutaka geti la yule bwana liwe wazi kutwa. Tunataka siku moja ya Shaaban, na mtu wa kupokea simu. Kama ingekuwa amri imeshuka kwetu enzi za Bibi kwamba shamba liwe njia ya watu wote, ninavyomjua, angeketi njiani na mchi.

Asubuhi nikamwambia mpwa wangu nimegawanyika. Akacheka. "Shangazi, Mahakama ya Juu ya kwao haikuamua habari za makaburi kabisa. Iliamua habari za mlango."

Hapo ndipo nikaivuta karatasi karibu na kukaa chini.

Mama Knick alianza mahakama ya jimbo. Hakuomba fidia, aliomba sheria hiyo isitumike kwake. Halmashauri ikaondoa ile barua na kukubali kusitisha utekelezaji, na mahakama ikasema basi hakuna cha kuamua kwa sasa. Akaenda mahakama ya shirikisho, ya taifa, akisema haki yake ya kikatiba imeguswa. Huko akagonga ukuta uliokuwepo tangu mwaka 1985: hukumu ya zamani, ya Williamson County, iliyosema mwenye ardhi akichukuliwa mali na halmashauri, kwanza akadai fidia mahakama za jimbo, akinyimwa ndipo aje. Ubaya wake ni kwamba ukienda jimbo ukashindwa, ukirudi shirikisho unaambiwa jambo lako limekwisha kuamuliwa, huwezi kulifungua tena. Mlango wa pili uko nyuma ya wa kwanza, na wa kwanza ukipita unaufunga wa pili.

Tarehe 21 Juni 2019, majaji 5 kwa 4, Mahakama ya Juu ikauvunja ukuta huo. Jaji Mkuu Roberts akaandika kwamba haki inavunjwa siku ile mali inapochukuliwa bila malipo, siyo siku mahakama ya jimbo itakapokataa kukulipa. Kwa hiyo siku hiyohiyo una njia ya kwenda. Jaji Kagan, akiwaandikia wanne walioshindwa, aliona mahakama za shirikisho zitajazwa mizozo ya viwanja inayohusu sheria za mitaa, ambayo majaji wa karibu wanaijua zaidi. Mwenyewe naiona hoja yake. Hapa kwetu ugomvi wa mpaka akiuamua mtu anayeujua huo mkorosho ni bora kuliko jaji anayeuona kwenye ramani. Ila mlango wa kwanza uwe njia ya kufika kwa pili. Ukiwa ni mahali pa kukupotezea miaka, wa nini?

Mpwa wangu akaniambia jambo moja nikanyamaza. Mwaka mmoja tu baada ya mama Knick kufunguliwa, 2020, sheria yetu ya kutekeleza haki za msingi iliongezewa masharti. Ukitaka kwenda Mahakama Kuu kwa kudai haki ya kikatiba imevunjwa, ilibidi uonyeshe kwa kiapo kwamba wewe mwenyewe umeathirika, na uwe umemaliza kwanza njia nyingine zote za kisheria. Kwa Mzee la kuathirika halina shida, akivua kofia tu linaonekana. Hilo la kumaliza njia nyingine ndilo lililomrudisha kwenye notisi na kalenda yangu.

Sheria ambayo mama Knick aliitumia kuishtaki halmashauri nayo ina kisa. Ni ya mwaka 1871. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, watumwa wameachiwa huru, na magenge ya Ku Klux Klan yanawaua na kuwachomea huku maofisa wa majimbo wakiangalia pembeni. Bunge likatunga kwamba mtumishi wa mamlaka akikuvunjia haki ya kikatiba unaweza kumshtaki mwenyewe. Ikalala miaka mingi. Mwaka 1958 polisi 13 wa Chicago walivunja mlango wa familia ya mtu mweusi, James Monroe, alfajiri, bila hati, wakawatoa vitandani mume, mke na watoto. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikasema polisi hao wanashtakika, mji haushtakiki. Ikachukua mpaka 1978, shauri la Monell, kusema mji nao unashtakika, lakini pale tu kosa linapotokana na sera au desturi ya mji wenyewe, siyo kwa sababu tu umemwajiri mkosaji. Na ofisa naye ana kinga yake: haki aliyoivunja isipokuwa imekwisha kuwa wazi kisheria, anapona.

Nilimsimulia Mzee hayo tukingoja umeme urudi. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema anataka aandikwe yule kijana aliyeshika kopo la rangi.

"Mzee, yule katumwa."

"Aliyetumwa hana jina?"

"Analo. Ila aliyemtuma ndiye mwenye fedha ya kukulipa."

"Fedha nimeielewa. Nauliza jina."

Nikaona hiyo ndiyo kesi ya Monell nzima, imeketi kwenye benchi langu na kobazi. Mzee hadai matofali tu. Anataka mtu mmoja, mwenye baba na mama, asimame aseme mimi nilichora hapo na sikubisha hodi. Kwenye notisi tuliandika halmashauri, kisha tukaeleza aliyekuja, siku gani, amevaa nini, na gari lilikuwa la rangi gani. Jina hatuna. Shati la drafti tunalo.

La jirani ambaye hakuguswa nilifikiri ni la uswahilini, halipandi kwenye karatasi ya sheria. Kumbe linapanda. Kijiji cha Willowbrook, jimbo la Illinois, mjane aitwaye Grace Olech aliomba na mumewe kabla hajafariki waunganishiwe maji ya bomba. Wengine wote walikuwa wanatakiwa kuachia kijiji njia ya futi 15 kwenye ardhi yao. Wao wakaambiwa futi 33. Baada ya miezi mitatu kijiji kikalegea kikakubali 15, lakini mama akashtaki, akidai ni kisasi, kwa sababu familia yake iliwahi kukishtaki kijiji kwa jambo lingine. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ikasema mtu mmoja peke yake, asiye wa kabila wala kundi lolote, anaweza kudai kabaguliwa kama ametendewa tofauti na wenzake kwa makusudi na bila sababu ya maana. Nilipofika hapo nikamwambia Mzee apige picha ile kamba. Amwite mtu aivute toka kwake mpaka kwa jirani, na futi kamba ionekane.

Na wana lingine ambalo mimi nalionea wivu kuliko hukumu zote hizo: tangu 1976, ukishinda kesi ya namna hii, mahakama yaweza kuiamuru halmashauri imlipe wakili wako. Hapo hata asiye na fedha anaweza kupata wakili wa kumfikisha juu. Kwetu Mzee aliambiwa na wakili mmoja kiasi ambacho ni kikubwa kuliko kodi ya fremu 3 kwa mwaka, na fremu zenyewe hazipo. Nilimpeleka kwa wasaidizi wa kisheria, wakamsomea rasimu yangu bure, wakarekebisha mahali 4. Mahali pamoja nilikuwa nimeandika "mmenibomolea" badala ya "mlibomoa". Wakasema notisi isilie.

Ila waliniachia aya moja kama nilivyoiandika, na naionea fahari kidogo. Ni ile ya mwaka 1994, shauri la Lohay Akonaay. Baba na mwanawe, wakulima wa Mkoa wa Arusha, walishinda kesi ya kurudishiwa ardhi waliyoipoteza wakati wa operesheni vijiji, kisha Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za namna hiyo na kuzizuia mahakama zisizisikilize. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikasema haki ya mtu juu ya ardhi yake ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kwamba fidia haiishii kwenye majengo na mazao tu: mtu akiitilia ardhi jasho lake, jasho hilo nalo lina thamani. Mzee alinitaka nimsomee mara mbili. Mara ya pili alikuwa amefumba macho, nikadhani kasinzia.

"Hao wa Arusha," akasema, "walikuwa na wakili?"

Tukatoa nakala 4. Moja ya halmashauri, moja ya Mwanasheria Mkuu, moja ya Wakili Mkuu wa Serikali, na moja ya kwake ya kugongewa muhuri wa kupokelewa. Nilimkanya juu ya hiyo ya nne kuliko zote. Siku 90 zinaanza kuhesabiwa pale walipopokea, na atakayesema lini walipokea ni muhuri. Za Dodoma zikaenda posta kwa rejista. Ya halmashauri akasema ataipeleka kwa mkono wake, hamwamini mtu. Akapanda basi.

Nilimtoza 6,000 ya kuchapa, kopi nikamwachia.

Ijumaa jioni binti yake akanitumia picha kwa simu. Anasema walimwambia Mzee aiache tu karatasi mezani, akakataa, akakaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa nane na nusu, mpaka dada wa masjala akaona bora amgongee aende. Nikakuza picha kwa vidole. Muhuri upo. Umegongwa mara mbili, wa pili juu ya wa kwanza, na wino ulikuwa mwingi.

Nikampigia. "Mzee, tarehe haisomeki. Ni 3 au 8?"

"Ni 3, mwanangu. Mimi si nilikuwepo?"

"Nakuamini, mzee. Pingamizi halitakuamini. Usipande basi. Kesho rudi wagonge tena."

Akanyamaza. Nikasikia konda anaita watu nyuma yake.

"Kesho Jumamosi, mwanangu."